Baada ya Bwawa la Nyerere, Kazi Imehamia kwenye Gridi na Kanuni Zake

Kukamilika kwa Mradi wa Kufua Umeme wa Julius Nyerere mwaka 2025, wenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, kumebadilisha swali ambalo wananchi wameiuliza Serikali kwa miaka mingi. Katika mgao wa mwaka 2006, wa 2011 na ule wa mwishoni mwa 2023, swali lilikuwa umeme utatoka wapi. Sasa megawati 2,115 za Rufiji zimeifikisha nchi kwenye uwezo wa takriban megawati 4,000, karibu mara mbili ya mahitaji yake ya juu. Swali la leo ni gumu zaidi kulijibu: ikiwa umeme upo, kwa nini bado hukatika?

Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye nyaya, vituo vya kupoza umeme na transfoma. Tarehe 1 Aprili 2024, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere ukiwa tayari umeingizwa kwenye gridi ya Taifa, hitilafu katika gridi hiyo iliiacha nchi gizani kwa saa kadhaa. Hitilafu ya namna hiyo haitibiwi kwa kuongeza mtambo mwingine. Hutibiwa kwa kujenga njia mbadala, vifaa vya kinga vinavyotenga eneo lenye tatizo na mifumo ya kuona hali ya gridi papo kwa papo. Hayo yote ni fedha, na hapo ndipo sera na kanuni zinapoanza kuamua kasi ya kazi ya mhandisi.

Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inataka bei ya umeme ilingane na gharama za utoaji huduma wenye ufanisi, na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ndiyo yenye jukumu la kuidhinisha bei hiyo. Katika bei zilizowekwa mwaka 2016, mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, ilhali mteja wa matumizi ya kawaida hulipa shilingi 292. Ongezeko la asilimia 8.5 lililoidhinishwa Desemba 2016 lilisitishwa na Serikali. Uamuzi ule ulimlinda mwananchi, hilo halina ubishi. Hata hivyo, nguzo, transfoma na nyaya hazinunuliwi kwa bei ya mwaka 2016, na bei inapobaki palepale, fedha za kuimarisha gridi hulazimika kutoka kwenye bajeti ya Serikali au mikopo. Mlipaji bado ni mwananchi, kwa mlango mwingine.

Risiti ya LUKU inaonesha mlango mmojawapo. Ndani yake mna asilimia 3 inayokwenda kwa Wakala wa Nishati Vijijini (REA), wakala iliyoundwa chini ya Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005. Mnunuzi wa umeme wa Kariakoo huchangia hivyo nguzo ya kijijini, pengine bila kujua. Kwa fedha hizo, pamoja na za Serikali na washirika wa maendeleo, vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme, na kazi imehamia kwenye vitongoji.

Kufikiwa kijiji, hata hivyo, si sawa na kuwaka taa nyumbani. Mwananchi wa kijijini huunganishiwa umeme kwa shilingi 27,000. Wa mjini, tangu Januari 2022, hulipa shilingi 320,960 akiwa ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo, na akihitaji nguzo moja hulipa shilingi 515,618. Tofauti hiyo si ya kiufundi, kwani waya ni ule ule. Ni uamuzi wa kisera kuhusu nani abebe gharama, na unawagusa zaidi wakazi wa pembezoni mwa miji, ambao kipato chao mara nyingi hakitofautiani na cha kijijini ingawa ramani inawahesabu mjini.

Mantiki hiyo ya gharama ndiyo iliyo nyuma ya mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini, uliotangazwa na Rais Samia Suluhu Hassan Machi 2025 na kuzua mjadala. Wengi walihoji kwa nini nchi yenye ziada inunue nje. Umeme unaosafiri kutoka Rufiji hadi Arusha na Kilimanjaro hupotea kiasi njiani, na Kaskazini ndiko mwisho wa njia ndefu. Njia ya kilovoti 400 ya Singida, Namanga hadi Isinya nchini Kenya inaruhusu umeme kuingia kutoka upande wa pili, na pia Tanzania kuuza. Faida itategemea masharti ya mikataba: bei ya uniti, tozo ya kupitishia umeme Kenya na nani awajibike hitilafu inapovuka mpaka.

Bado kuna suala la muundo. Mpango wa mageuzi wa mwaka 2014 ulikusudia uzalishaji, usafirishaji na usambazaji wa umeme vitenganishwe hatua kwa hatua hadi 2025. TANESCO imebaki shirika moja. Wapo wanaoona umoja huo unarahisisha uratibu, lakini pia unafanya iwe vigumu kuona ni hatua ipi hasa inayopoteza fedha.

Maombi ya kubadili bei yanapowasilishwa, EWURA hukusanya maoni ya umma kabla ya kuamua, na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji huzungumza kwa niaba ya wateja. Mikutano hiyo huwa wazi kwa mwananchi yeyote, akiwemo mwenye mita ya LUKU ya uniti 75.