Changarawe ya Bluu

Unalijua lile tangi la lobi. Maji ya chumvi, taa za zambarau, matumbawe mawili matatu, na chini changarawe ya bluu inayong'aa kama peremende. Mwenyewe alitumia wiki nzima kuchagua taa. Sakafu aliichagua kwa dakika mbili, kwa kuangalia rangi ya makochi.

Mimi nagombana na hiyo sakafu. Ndani ya mchanga ndiko wanakoishi bakteria wanaogeuza amonia ya samaki kuwa naitriti, kisha naitreti. Ukiwa na kina cha sentimita 10 hivi, kule chini pasipofika oksijeni wapo wengine wanaoimalizia naitreti iwe gesi ya nitrojeni.

Kuna kambi ya glasi tupu: hakuna mchanga, uchafu unafyonzwa, maisha yanaendelea. Kwa matumbawe yanayotaka mkondo mkali, nawaelewa. Lakini basi wasinunue samaki wa jamii ya Coris, ambaye usiku hujifukia mchangani alale. Huyo Kenya tunamuuza nje akiwa hai. Mpiga mbizi amtoe baharini, asafirishwe kwa mfuko wa plastiki, halafu afike kwako agonge mdomo kwa glasi akitafuta kitanda? Jameni.

Sasa mchanga gani? Ule wa mtoni Machakos kwa sehemu kubwa ni kwatzi. Hauui mtu, ila hauyapi maji chochote. Wa matumbawe ni kalsiamu kaboneti, na pale asidi inapopanda katikati ya chembe huyeyuka kidogo kidogo. Usingoje miujiza, bado utapima maji na kuongeza kalsiamu. Chuo sikumaliza, lakini jaribio lake halihitaji digrii: dondoshea siki. Ukitoa povu, ni kaboneti.

Hapo ndipo msee mmoja hukumbuka Diani. "Si nichote gunia moja tu, mchanga umejaa?"

Umejaa kwa sababu kuna anayeutengeneza. Pono, yule tunayemsingizia usingizi, akiamka huguguna miamba, akaisaga kooni, akanya mchanga. Pono mkubwa anaweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Ndiyo, ule weupe unaopigia selfi kwa kiasi fulani ni mavi ya samaki. Na miamba yenyewe bado inauguza joto la 1998, lililoua matumbawe mengi ya pwani yetu. Sawa, gunia lako halimalizi ufuo. Lakini mchanga ule tayari una kazi: kasa hutaga ndani yake, na mawimbi huishia nguvu juu yake kabla ya kufikia nyumba za watu. Kazi ya kupendeza sebule yako haikuwemo.

Na wala hatujakosa kaboneti. Pwani ina machimbo ya nchi kavu ya matumbawe ya kale, yale mawe meupe ya kujengea. Kifusi chake kikisagwa, kikachekechwa hadi milimita 1 au 2 na kuoshwa mpaka maji yatoke safi, ni sakafu nzuri. Huyeyuka kwa ugumu kuliko mchanga mchanga wa baharini, lakini bakteria hawabagui. Omba konzi moja ya mchanga kutoka tangi la mtu lililokomaa, uwe mbegu, kisha subiri wiki kadhaa hadi amonia na naitriti zisome sifuri. Duka likikuuzia tangi na samaki siku moja, ondoka na tangi.