Tuelewane Kabla ya Mtambo Kuzunguka

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Leo twaongeza kwamba kazi ya matbaa bila maneno ya kuelewana hupotea kwa habari nyingi, kwani makosa huwa yamekwisha kupigwa chapa na kila mwenye macho anayasoma.

Ndugu msomaji, aliyefika Kisumu anajua jinsi vyumba vya wapiga chapa vilivyo vingi mjini humo. Huchapwa kadi za arusi, ratiba za mazishi, vitabu vya risiti, mitihani ya shule na, uchaguzi ukikaribia, picha za wagombea. Wala kazi hii si ngeni ufuoni mwa Ziwa Victoria. Mwaka 1913 mmishonari wa Waadventista Wasabato, A. A. Carscallen, aliweka mtambo mdogo Gendia, karibu na Kendu Bay. Kwa upande wetu wa pwani, Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, alikuwa na matbaa yake iliyotoa vitabu vya Kiarabu. Basi ufundi ni mkongwe. Kilichochelewa ni istilahi.

Tutazame neno moja tu, "chapa". Asili yake ni Bara Hindi, nasi tumelibebesha mizigo mitatu. Kuchapa ni kuandika kwa taipu au kompyuta. Kuchapa ni kutoa nakala mtamboni. Kuchapa ni kupiga kwa bakora, na mzigo huu wa tatu hauhitaji maelezo kwa aliyesoma chuoni.

Mimi mwenyewe liliniponza. Nilipeleka kijitabu cha dua, kurasa 16, kwa mpiga chapa mmoja Kisumu. Nikamwambia kijana, "Chapa, mwanangu, kesho nitarudi nitazame." Nilikusudia aandike tu. Yeye alisikia apige chapa. Kesho yake nikakuta nakala 500 zimekwisha kufungwa kamba. Kiswahili kilikuwa salama. Ama Kiarabu, programu aliyoitumia haikukijua: herufi zilisimama mbalimbali kama watu waliogombana, na mstari ukatoka kushoto kwenda kulia. Herufi za Kiarabu hubadili umbo kwa kushikana; ukizitenga umelivunja neno. Bismillahi ilikuwa be peke yake, sini peke yake, mimu peke yake.

Kijana hakuasi amri, alilitii neno. Fedha zilikwenda, lakini zaidi ya fedha lilikuwapo jambo lililonikosesha usingizi. Karatasi zenye Jina la Mwenyezi Mungu, hata likiwa limevurugwa, nitaziachaje zikafungie maandazi sokoni Kibuye? Nilizibeba zote nikaenda kuzizika.

Kwa hiyo, maoni yetu ni kwamba kila kazi ipite milango mitatu, na kila mlango uwe na jina lake. Kwanza ni kupanga maandishi. Pili ni prufu, yaani nakala ya majaribio ambayo mwenye kazi huisoma, huisahihisha na kuitia sahihi. Tatu ndipo kupiga chapa. Asiruhusiwe mtu kuuvuka mlango wa pili kwa maneno ya mdomo.

Maneno mengine nayo yawekewe mipaka. Nakala ni kitabu kizima. Karatasi ni jani, na kila jani lina kurasa mbili. Kijitabu cha kubanwa pini katikati huenda kwa kurasa nne nne, hivyo aombaye kurasa 18 atapewa 20, mbili tupu. Gramu hueleza uzito wa karatasi kwa kila mita ya mraba. Ya kawaida ya ofisini ni gramu 80. Pambizo ni nafasi tupu inayoyalinda maandishi yasiliwe na kisu cha kukatia.

Wapo watakaosema mambo haya tuyaachie Kiingereza. Twawajibu kwamba "rimu", lile fungu la karatasi 500, Kiingereza kililipata kutoka neno la Kiarabu "rizma" kupitia Hispania, kisha likaturudia limevaa koti. Karatasi, jalada na nakala zina asili ya Kiarabu pia, na mtoto wa chuoni hutamka juzuu kabla hajauona mtambo. Hatuombi msamiati mpya. Twaomba huu uliopo utumike, uandikwe na kubandikwa ukutani katika kila chumba cha chapa, tangu Kisumu na Homa Bay mpaka Mombasa, ili mwenye kazi na fundi wausome pamoja kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Siku hizi nikimpa kijana kazi humwambia maneno mawili tu: "Andika, nionyeshe." Neno "chapa" hulitamka mwisho, wino wa sahihi yangu ukiwa umekwisha kukauka.