Neno la Mhariri: Wezi Wasiofaidi

Wapo miongoni mwa wasomaji wetu wa Mikocheni waliotuuliza, kwa staha na kwa kejeli kidogo, kwa nini toleo zima litengwe kwa ajili ya sinema za kale za wizi, ambazo hata majina yake hayajulikani ila kwa wachache wanaozikusanya.

Jawabu letu ni kwamba wakusanyaji hawa hawakupenda wizi, walipenda kazi. Tangu 1934 hata 1968 kanuni za Hollywood zilishurutisha kila mhalifu apate adhabu yake kabla taa za ukumbi hazijawashwa. Na mtazamaji wa Dar es Salaam, aliyelelewa katika itikadi kwamba steringi hafi, humo alikutana na steringi aliyekwisha hukumiwa tangu mwanzo. Mwisho ukiwa maalumu, jicho hupata wasaa wa kutazama mikono. Katika Rififi, aliyoiongoza Jules Dassin huko Ufaransa mwaka 1955 (na Wafaransa, wasiofungwa na kanuni hizo, nao hawakuwahurumia wezi wao), kwa karibu nusu saa halitamkwi neno wala haupigwi muziki, huku wezi wakitoboa dari ya duka la vito, wakapenyeza mwavuli tunduni na kuufungua kwa chini, ili kifusi kimwagikie humo pasi na kishindo. Sinema hiyo haihitaji mkalimani, si Paris wala Temeke. Na katika The Killing ya Stanley Kubrick, ya 1956, ambayo ilipotoka haikupata faida, kijibwa kinakatiza mbele ya kigari cha mizigo uwanjani mwa ndege, sanduku linaanguka na kufunguka, na noti zote zinachukuliwa na upepo wa rafadha. Aliyekwisha kuitazama mara nyingi bado humlaani mbwa yule.

Zamani sinema zilitazamwa kwa jamaa. Drive-In ya Msasani, jirani zetu, ilifunguliwa 1966. Leo kiwanjani pake pana ubalozi wa Marekani, na picha zimehamia makabatini, ambamo hewa ya pwani haizionei huruma: filamu ya asetati ikishikwa na joto na unyevu hunuka siki, na ikishaanza kuoza hairudi tena katika hali yake.

Kwa hiyo hatumsifu mwenye kujivunia nakala ambayo hapana mwingine aliyeiona. Aliye nayo, tunamsihi airuhusu inakiliwe, na awaalike majirani waitazame mwaka huu.