Usiniombe Nimwombee Abadilishe Kozi



Wiki jana baba mmoja alinipigia simu saa tano usiku. Binti yake ameitwa chuo kikuu kusomea sanaa: kuchora, kuchonga, kufinyanga. Baba alikuwa na ombi moja tu. "Pastor, tumwombee huyu mtoto. Mungu ambadilishe nia kabla nafasi ya kubadilisha kozi haijafungwa. Achukue hata ualimu." Nikamwambia sawa, nitaomba. Lakini nilipopiga magoti sikuweza kuomba vile. Nataka nikueleze kwa nini, wewe mzazi unayesoma, kwa sababu najua yule baba hayuko peke yake.

Kwanza niungame. Miaka mingi iliyopita tulikuwa na kijana mpiga kinanda kanisani. Alijifunza mwenyewe, kwa kinanda kilichokuwa na vibao viwili vilivyokufa. Akapata nafasi ya kusomea muziki. Mama yake, mjane, akamleta ofisini kwangu (ofisi ilikuwa kona ya mabati nyuma ya madhabahu), nami nikamwambia kwa sauti ya mtumishi wa Mungu kwamba muziki atapiga Jumapili, shahada atafute ya kumlisha. Alinitii. Akaenda kusomea biashara. Mwaka wa pili akaacha chuo, na kinanda pia akaacha. Siku hizi tukikutana steji ananisalimia kwa heshima, "Pastor, Mungu ni mwema," na mimi ndiye ninayeangalia chini. Mungu hakunituma kusema yale maneno. Ilikuwa hofu yangu, nikaipa jina la hekima.

Sasa fungua Kutoka 31. Mungu anataka hema lijengwe, na anamwita mtu kwa jina: Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda. Anasema amemjaza Roho wake. Ili ahubiri? Atoe pepo? La. Ili abuni michoro, afanye kazi ya dhahabu, fedha na shaba, akate mawe, achonge miti. Sisi Wapentekoste tunaokesha tukiomba kujazwa, tunaipita sura hiyo mbio kama matatu imepita abiria. Na ukifika sura ya 35 utaona Bezaleli na mwenzake Oholiabu wamepewa pia moyo wa kufundisha wengine. Kwa hiyo kazi ya mikono ile ilikuwa na walimu na wanafunzi.

Kuna wanaoniambia, "Pastor, kipaji ni cha Mungu, cha nini kulipia karo?" Soma 1 Nyakati 25. Waimbaji wa Daudi walikuwa 288, wote wamefundishwa, wote mahodari, na zamu zao zikapigiwa kura mwalimu pamoja na mwanafunzi. Daudi mwenyewe alikuwa na kipaji kuliko kwaya zetu zote. Bado aliona watu wafundishwe.

Nilimwomba yule binti anieleze wanafunzi wa kozi hiyo hufanya nini, kwa sababu nami nilidhani ni kukaa chini ya mti na penseli. Akanieleza mambo ya udongo na moto wa tanuru, uchapaji, historia ya sanaa, jinsi ya kuandaa maonyesho na kuweka bei ya kazi yako. Wenzao wa muziki husoma nota na kupanga sauti nne zisigongane. Wa maigizo hujifunza pumzi, taa, mavazi, na jinsi ya kuelekeza watu arobaini jukwaani bila kupiga kelele. Nikawaza onyesho letu la Krismasi, nikanyamaza.

Na hapa niseme jambo litakaloudhi baadhi ya wachungaji wenzangu. Kanisa ndilo linalotumia wasanii kuliko karibu kila mtu, na ndilo linalowalipa kidogo zaidi. Bango la mkutano tunataka kesho. Mapambo ya harusi, igizo la Pasaka, ukuta wa Sunday school uchorwe wanyama wa Nuhu, wote wawili wawili. Yule kijana tunamlipa kwa "Mungu atakukumbuka." Halafu tunasimama kwa mimbari kumwambia mzazi wake kwamba sanaa hailipi. Haitalipa vipi, na mteja wake mkubwa ni sisi?

Sikudanganyi kuhusu pesa. Mwenye shahada ya sanaa hangojewi na barua ya kazi mlangoni. Wengi watafundisha, watapiga picha za harusi, watachora mabango, watakaa miezi bila kazi. Mpe mtoto wako ukweli huo. Lakini pia angalia mtaani kwako ni wangapi wana shahada ya biashara na wanafanya nini leo. Mlango wa kazi ni mwembamba kwa wote, na anayepita akifanya kitu anachokipenda ana nguvu ya kusukuma.

Hofu nyingine ni nzito zaidi, na siidharau. Mzazi anauliza: atachora watu uchi? Ataambiwa aigize mlevi au kahaba? Atafundishwa ngoma za matambiko? Huenda akakutana na hayo yote, na jibu rahisi sina. Kuigiza Yuda si kumsaliti Bwana, hilo twalijua kila Pasaka. Kusomea nyatiti au kayamba si kuabudu mizimu. Ni kujua babu zako walivyosikia dunia. Lakini kuna siku ataona mstari ambao dhamiri yake haivuki, na siku hiyo atahitaji mtu wa kumpigia simu. Kama ulimpeleka chuoni kwa laana, hatakupigia wewe. Mwanafunzi wa udaktari naye hukaa na maiti siku nzima, na hatujawahi kumwombea ahame kozi.

Ukipita Murang'a, ingia kanisa kuu la Kianglikana la Mtakatifu Yakobo. Ukutani kuna michoro mitano mikubwa: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane, msalaba. Yesu ni Mwafrika, na nyuma yake ni miteremko ya Murang'a yenyewe. Aliyeichora mwishoni mwa miaka ya 1950 ni Elimo Njau, mzaliwa wa Tanganyika aliyesomea sanaa Makerere, kisha mwaka 1965 akawa mmoja wa walioanzisha Paa ya Paa pale Nairobi. Kanisa lile ni kumbukumbu ya Wakristo waliouawa wakati wa Hali ya Hatari. Nimehubiri kuhusu Gethsemane mara nyingi, lakini sijui kama kuna aliyeondoka akikumbuka. Ule ukuta umehubiri zaidi ya miaka sitini bila kipaza sauti.

Na usidhani ni habari ya vyuo tu. Tangu Januari 2026 watoto wa Gredi 10 wanasoma kwa njia tatu, na mojawapo ni sanaa na michezo. Mtoto aliye Gredi 9 nyumbani kwako anachagua karibuni. Kabla hujamjibu, keti naye, mwambie akuonyeshe alichotengeneza, kisha unyamaze kidogo.

Mimi nimeanza na langu. Jumapili hii mhazini atamlipa kijana anayetuchorea mabango, na malimbikizo yake ya tangu Krismasi. Yule mpiga kinanda nimempigia simu, tutakutana Alhamisi. Na baba wa yule binti amekubali tuongee Jumamosi, yeye, mama, na binti mwenyewe.

Kama ulisomea muziki, uchoraji au maigizo, niandikie unafanya nini leo, yaliyo mazuri na yaliyo magumu. Nitamsomea yule baba yote.