Filme za Bonane, Oscars, na swali moja: nani anashika kamera?



Kila mwaka, Noeli ikikaribia, mambo ni yale yale. Courant ikikuja tu, tele inawashwa, na ku chaîne moja ao ingine kuko ule mtoto aliyeachwa peke yake nyumbani. « Maman, j'ai raté l'avion » ni filme ya 1990. Wengi kati yetu tulizaliwa ikiwa imekwisha kuzeeka, na bado tunaijua kwa kichwa: mikebe ya rangi yenye kupiga wezi ku uso, pasi yenye kuanguka toka juu, ule mwizi mwenye kulia kama mtoto. Mimi ninaipenda, sioni haya kusema. Na wale wenye kusema eti ni filme ya upuuzi wajue kwamba ilipendekezwa ku Oscars mara 2, kwa muziki wa John Williams na kwa wimbo wake.

Lakini tuseme ukweli. Hadithi yote inasimama ku neno moja: wazazi waliondoka mbio mbio, wakasahau mtoto. Huko Chicago ni kichekesho. Huku kwetu Kivu, mwezi wa kwanza 2025, watu walitoka ndani ya makambi pembeni ya Goma usiku, mvua ya mabomu nyuma yao, na kuko mama wenye kufika mbali ndipo wanahesabu watoto na wanaona mmoja haiko. Hakuna mwenye alicheka. Hakuna mtoto mwenye alitega mitego ya wezi na akashinda. Ile hadithi, yenye kufanana na yetu kwa upande mmoja na kutupita kabisa kwa upande mwingine, sisi hatuko nayo ku tele. Hatutaki kuharibia watoto kicheko chao cha Noeli. Tunauliza tu: filme zetu za sikukuu ziko wapi?

Juu sisi tuko na sikukuu zetu, na nyingi zinaanguka karibu karibu. Kisha Noeli na Bonane inakuja tarehe 4 mwezi wa kwanza, siku ya mashujaa wa uhuru, kwa kukumbuka wale waliouawa Léopoldville mwaka wa 1959. Kisha 16, siku ya Mzee Laurent-Désiré Kabila. Kisha 17, siku ya Lumumba. Siku tatu za kupumzika ndani ya wiki mbili. Ofisi zinafungwa, masomo inasimama, wakubwa wanaweka maua, wanasoma discours. Na mwananchi ku nyumba anaangalia nini? Novela ya India, mechi ya Uingereza, ao filme ya Marekani yenye kutafsiriwa na diji wa Tanzania. Tena hao madiji wanafanya kazi nzuri kuliko watu wengi wenye mshahara wa utamaduni: mama mwenye hakusoma anafuata filme yote kwa Kiswahili na anacheka pa kucheka.

Na ni ndani ya wiki zile zile, mwezi wa kwanza, ndipo Hollywood inatangaza filme zenye kupendekezwa ku Oscars.

Mwaka wa 2025 walipashwa kutangaza tarehe 17, siku yenyewe ya Lumumba. Moto wa Los Angeles ukasukuma ile tangazo mpaka tarehe 23. Siku hiyo, ndani ya filme 5 za documentaire zilizopendekezwa, moja ilikuwa « Soundtrack to a Coup d'État » ya Mbelgiji Johan Grimonprez. Inaongea juu ya nini? Juu ya Lumumba. Juu ya namna Ubelgiji na Marekani walimumaliza, na namna walituma muziki wa jazz mbele kama chambo: Louis Armstrong alikuja Congo mwisho wa 1960, watu wanacheza, na wakati ule ule Lumumba anafungiwa. Kuko pia Andrée Blouin, yule mama aliyefanya kazi na Lumumba na ambaye vitabu vyetu vya masomo havisemi juu yake. Kuko uranium ya Katanga. Na katikati ya picha za zamani, réalisateur anaingiza matangazo ya simu na ya motokari za umeme za leo, ili uelewe kama ile biashara haijaisha.

Ni filme kali. Inafika saa mbili na nusu, inataka usome mingi, na kuko pa kuchosha, lakini ni kali. Vijana wengi wali-partager: « Congo iko ku Oscars! »

Saa ile walitangaza, huku kwetu ilikuwa kama saa tisa na nusu ya mchana. Na tarehe 23 ile, vita ilikuwa Sake, kama kilomita 25 na Goma. Watu walikuwa barabarani na magodoro ku kichwa. Siku ine kisha, tarehe 27, M23 na jeshi la Rwanda waliingia Goma. Hollywood ilikuwa inapongeza filme yenye kueleza namna Congo ilivunjwa 1960, na dunia ile ile ilikuwa inaangalia Congo inavunjwa tena, kwa picha za simu, bila muziki. Ku mwezi wa tatu ile filme haikushinda. Zawadi ilipewa « No Other Land », filme iliyofanywa na Wapalestina na Waisraeli pamoja, yenye kuonyesha kijiji cha mmoja wao kinabomolewa.

Angalia tofauti hapo. Ile iliyoshinda, mwenye kijiji njo alishika kamera.

Sasa tuhesabu kidogo. 1997, « When We Were Kings » inashinda Oscar ya documentaire: ni ngumi ya Ali na Foreman, Kinshasa 1974, na réalisateur ni Leon Gast, Mmarekani. 2013, « Rebelle » inapendekezwa: hadithi ya msichana kadogo, iliyochezwa Kinshasa, na Rachel Mwanza, mtoto aliyeishi barabarani, alikuwa amekwisha kushinda zawadi ya actrice bora ku Berlin 2012. Réalisateur ni Kim Nguyen, na bendera ni ya Canada. 2015, « Virunga »: Rumangabo, magorila, walinzi wa parc, vita ya 2012. Réalisateur ni Orlando von Einsiedel, Mwingereza. 2025, Grimonprez. Mara ine Congo iko ku meza ya Oscars, mara ine Congo ni chakula na siyo mpishi.

Hata pale mwenye kufanya filme ni mtoto wetu, bendera inageuka. Baloji alizaliwa Lubumbashi; filme yake « Augure » ilipata zawadi Cannes 2023, na ni Ubelgiji ndiyo iliituma ku Oscars. « Félicité » ilichezwa Kinshasa, na mama wa Kinshasa, Véro Tshanda Beya, ndani ya mateso ya hôpital za Kinshasa tunazozijua. Ilifika ndani ya filme 9 za mwisho kwa jina la Senegal, juu réalisateur wake Alain Gomis ni wa kule. Na « Makala », jina lenyewe ni Kiswahili chetu: mwanaume anasukuma kinga ya makala kutoka kijijini mpaka Kolwezi, anaongea kama vile baba zetu wanaongea. Zawadi kubwa ya Semaine de la critique Cannes 2017, na réalisateur Mfaransa.

Wenzetu wengine watasema: sasa muko mnalalamika nini? Wageni wanatusaidia, bila wao dunia haingejua. Kuko ukweli ndani. « Virunga » ilisaidia kusukuma kampuni ya SOCO, yenye ilikuwa inatafuta petroli ndani ya parc. 2014 ile kampuni ilitangaza kwamba inaacha. Hiyo siyo kitu kidogo, na walinzi wengi wa parc walikufa wanalinda pale. Lakini 2022 serikali yetu wenyewe ilirudi ku soko na blocs za petroli, zingine zinagusa Virunga. Wenye kuangalia filme ku Netflix huko Londres walikuwa wamekwisha kupita ku filme ingine. Wakaaji wa Rutshuru, je, walikuwa wameiona? Ni wangapi? Filme yenye kuonwa na wageni peke yao inafanya wageni walie. Ile wananchi wanaona, inafanya wananchi waulize. Wakubwa wanajua hiyo tofauti kuliko sisi.

Ushahidi ni huu. 2015, filme ya Thierry Michel juu ya Docteur Mukwege, « L'homme qui répare les femmes », ilizunguka Ulaya bila shida. Ilipotaka kuonyeshwa Congo, mwezi wa tisa, serikali ikaikataza. Na walitoa sababu gani? Eti maneno ya wamama kwa Kiswahili yalitafsiriwa vibaya ku Kifaransa, kwa kuchafua jeshi. Wananchi wa Bukavu, wenye Kiswahili ni chao, njo walikatazwa kusikia Kiswahili cha mama zao, juu ya kosa la tafsiri yenye wao hawana lazima nayo! Mwezi wa kumi waliachilia, kisha watu kupiga makelele. Kama filme haina nguvu, wangeikataza juu ya nini?

Franchement, kama ningekuwa mwenye kutoa kura, kura yangu ingeenda kwa Dieudo Hamadi wa Kisangani. « En route pour le milliard », 2020: wahanga wa vita ya siku sita, ile ya mwezi wa sita 2000, wakati jeshi la Rwanda na la Uganda walipigana ndani ya Kisangani. Watu wenye kukatwa miguu wanapanda baleinière, wanashuka mto mzima mpaka Kinshasa, mvua juu yao, kwenda kuuliza serikali malipo yao. Wanafika ku Palais du peuple na magongo yao, na wanazuiliwa ku mlango. Hakuna sauti ya mzungu yenye kueleza. Hamadi yuko ndani ya mashua pamoja nao. Miaka miwili kisha, 2022, tribunal ya La Haye ilihukumu Uganda ilipe Congo dolari milioni 325. Serikali iliunda FRIVAO juu ya kugawa. Nenda Kisangani leo, uliza wale wazee wa filme nani alipata nini.

Hamadi alifanya pia « Maman Colonelle » juu ya Colonel Honorine Munyole, polisi aliyetoka Bukavu kwenda Kisangani kulinda wamama na watoto, na « Kinshasa Makambo » juu ya vijana kama sisi wenye kudai uchaguzi. Berlin waliziona. Uvira, Butembo, Bunia, Kalemie, ni wangapi waliziona?

Kwa hiyo tuko na maswali kwa wakubwa, na tunataka majibu kwa maandishi.

Kwa wizara ya utamaduni: ku Oscars, ile kategoria ya filme za inchi za kigeni, réalisateur hajitumi mwenyewe. Kamati ya inchi njo inachagua filme moja, na ile filme inapashwa kuonyeshwa siku 7 mfululizo ndani ya sinema ya kulipisha. Kamati ya Congo, nani yuko ndani? Inakaa lini? Ilichagua nini? Na wanategemea filme ionyeshwe siku 7 ku salle gani, ndani ya miji yenye salle za sinema ziligeuka makanisa na madepo?

Kwa RTNC: tarehe 17 mwezi wa kwanza, badala ya masaa matatu ya discours na fanfare, mutuwekee « Lumumba » ya Raoul Peck. Ni ya 2000, si mpya, na ilichezwa Zimbabwe na Mozambique juu huku kwetu ilikuwa vita, lakini mtoto wa miaka 12 akiimaliza anajua jambo fulani juu ya inchi yake. Tarehe 4, mutuwekee Hamadi. Na maandishi ya chini yawe kwa Kiswahili, Lingala, Tshiluba, Kikongo. Tusiambiwe kwamba ni bei kali. Bei ya cortège moja ya minister inatosha.

Na sisi vijana je? Goma ilikuwa na festival ya filme ya Yole!Africa miaka na miaka, watoto wa quartier walijifunza pale kushika kamera na kufanya montage. Wengi wao leo wametawanyika: Kampala, Nairobi, Bujumbura, Kinshasa. Picha walizokamata mwezi wa kwanza ziko ndani ya simu na ma-disque dur, zingine zilifutwa kwa woga ku barrière. Kama uko na picha kama zile, usizitume hovyo ku WhatsApp. Weka copie mbili ku fasi mbili, andika tarehe na fasi ulizozikamatia, ficha uso wa watu kabla ya kumwonyesha mtu yeyote. Siku moja kijana wa Sake ao wa Minova atazihitaji kwa kufanya filme yake, na pale hatutategemea Mbelgiji azitafute ku archives miaka 60 kisha.

Kwa tarehe 17 mwezi wa kwanza ijayo, wale wako ku miji yenye kuruhusu watu kukutana, tunataka kuonyesha filme moja ya Mcongomani ku kila quartier, bure, na mjadala kisha. Ruhusa ya wenye filme tutaomba sisi. Mwenye iko na projecteur, ao groupe ndogo na litre tano za essence, ao mama mwenye iko na drap nyeupe kubwa na parcelle, atuandikie inbox mbele ya Bonane.