Fundi wa kondoo anakuja kesho? Wafungie leo

Tuambiane ukweli. Kama unafuga kondoo wa sufu huku Molo, Elburgon, Njoro au Mau Narok na umempigia fundi simu aje awanyoe, kazi inaanza jioni ya leo, hapo kwako, yeye akiwa bado kwao. Ukilala bila kupanga lolote, kesho utamlia saa zake. Na kijana anayelipwa kwa kichwa cha kondoo hana saa za kuchezewa.

Mimi ni wa mjini. Chuo niliacha, nikabaki na simu, blogu na marafiki wanaosaka unga popote ulipo. Wawili kati yao hunyoa kondoo. Alfajiri wanapanda matatu hapa Nakuru, mashine ndani ya begi, saa mbili wako kwa mteja. Wanakuta nini? Kondoo wako malishoni, ng'ambo ya kijito. "Ngojeni kidogo, kijana anawaleta." Hiyo kidogo inaisha saa tano. Wakiletwa wameshiba, wamelowa umande na wanahema kama wametoka mbio za Eldoret.

Sasa piga hesabu. Tuseme mmekubaliana shilingi 100 kwa kila kondoo, na fundi anatumia dakika 10 kwa mmoja. Kwa saa moja ni 600. Masaa matatu ya kungoja ni shilingi 1,800 zimepotea, nauli haijatajwa. Halafu jioni mzee ananung'unika ati vijana wa siku hizi ni wavivu, hawakumaliza kundi.

Hili la kuwafungia usiku bila chakula huwashtua wengi, wanaona ni kuwatesa wanyama. Si hivyo. Kondoo anaponyolewa hukalishwa kwa matako, mgongo umeegemea magoti ya fundi, tumbo limekunjwa. Tumbo likijaa nyasi linabana mapafu, anahangaika, anarusha teke, na hapo ndipo ngozi hukatwa. Akikaa usiku mmoja bila kula anapumua vizuri, na hatajisaidia juu ya sufu unayotaka kuuza. Wenye mimba kubwa ni habari nyingine. Hao usiwalaze njaa, na kugeuzwageuzwa kunaweza kuwadhuru. Watenge, mwambie fundi mapema, ama uwaache hadi wazae.

Walale chini ya paa. Molo iko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari na umande wake unaujua. Sufu mbichi ukiifunga kwa gunia inashika joto, inaota ukungu, inageuka rangi. Fundi anayekataa kunyoa kondoo aliyelowa hajidai, anakuokolea mali. Ndiyo maana Januari na Februari ni afadhali kuliko kungoja mvua ya Machi. Na paa hilo usilibomoe baadaye: kondoo aliyetoka kunyolewa yuko uchi, mvua moja ya usiku na upepo wa Mau zinaweza kumuua.

Mahali penyewe hapahitaji pesa nyingi. Mbao zilizopangwa au turubai safi, kivuli, na kizizi kidogo kando ili mtu mmoja awe anamshikia fundi kondoo. Huyo mtu awe wako, si fundi akimbize mwenyewe. Stima ikiwa ni ile ya kupotea kila wingu likitanda, tafuta jenereta ama uulize kama fundi ana makasi ya mkono. Mbwa afungwe. Weupe watangulie, weusi wawe wa mwisho, nywele zisichanganyike. Sufu ya tumbo na ile yenye kinyesi itengwe.

Halafu kuna magunia. Jamani, yale ya nailoni ya mbolea yaacheni. Nyuzi zake huchomoka zikaingia kwenye sufu, hazishiki rangi, na mnunuzi ataziona kitambaa kikishafumwa. Tafuta ya katani.

Mafundi nao wasikilize, siwapaki mafuta. Mashine iliyotoka boma moja bila kuoshwa kwa dawa hubeba chawa na majipu hadi boma la pili. Mwenye kondoo ana haki ya kuuliza umetoka wapi. Na iodini ya majeraha isikose, hata kama kila mmoja anadhani mwenzake ataileta.

Najua kuna atakayeniambia sufu haina bei, tunahangaika ya nini? Basi fuga Dorper. Huyo alitengenezwa Afrika Kusini kwa kuchanganya Dorset Horn na Blackhead Persian, analengwa nyama, na nywele zake humwagika zenyewe. Au mfuge kondoo mwekundu wa Kimaasai anayevumilia minyoo. Sina neno. Ila ukichagua Merino au Corriedale umechagua na mashine yake, maana asiponyolewa anateseka kwa joto na uzito, na nzi wanamfuata. Kule Nanyuki akina mama wamekuwa wakisokota na kufuma sufu tangu 1977, kwa hivyo usiniambie haina kazi. Ukileta mnyama kabla ya kujiandaa unalipia: Lord Delamere alileta kondoo wa ng'ambo Njoro mwanzoni mwa karne iliyopita, wakafa kwa wingi kwa sababu udongo ulikosa madini ambayo mwili wao ulihitaji. Wamaasai walikuwa wanalijua eneo hilo kitambo.

Pendekezo langu wazee hawatalipenda. Mkielewana bei kwa simu, elewaneni pia bei ya kungoja. Fundi akifika saa mliyoagana akakuta zizi tupu, saa ya kwanza amsamehe mwenye boma, kuanzia ya pili zinalipwa. Kondoo wakiwa wamelowa na hakuna pa kuwakausha, arudishiwe nauli kwa M-Pesa papo hapo, apangiwe siku nyingine. Mwenye trekta akifika akakuta hakuna njia ya kuingia shambani, hulipisha safari yake na hakuna anayemwita mvivu.