Tuwe na Mtambo Wetu wa Kutafutia Habari

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nipate kutoa maoni yangu juu ya kompyuta za shule, jambo linalotuhusu wanafunzi, walimu na wazazi.

Wengi hudhani ya kuwa kutafuta habari ni kazi ya intaneti peke yake, na mtandao ukikatika kompyuta haina faida tena ila ya kuandikia barua. Mwezi wa Mei 2024 ulitupa funzo. Tarehe 4 Kimbunga Hidaya kilifika upande wa Mafia, mvua kubwa zikanyesha, na maji yakaikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam huko Somanga. Tarehe 12 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, nazo zikakatika, na intaneti ikadhoofika nchi nzima. Basi, rai yangu ni hii: shule yetu iweke huduma yake ya kutafutia habari ndani ya kompyuta moja, humu humu shuleni. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Kazi yenyewe si uchawi. Kitabu kizuri kina faharasa mwishoni, na msomaji hutazama neno, akaona ukurasa, akaufungua. Kompyuta nayo hufanya vivyo hivyo: husoma maandishi yote kwanza, ikaandika kila neno na mahali lilipo. Programu iitwayo Elasticsearch, iliyotolewa mwaka 2010, hufanya kazi hiyo, na hupatikana bila malipo. Hiyo hukaa nyuma, kwenye anwani 127.0.0.1, ambayo maana yake kwa kompyuta ni "hapa hapa kwangu", mlango wa 9200. Mbele yake huwekwa ukurasa mdogo wa kuulizia. Ni kama duka: mnunuzi husema na muuzaji, wala haingii ghalani. Kompyuta nyingine za shule zikiungwa na hiyo moja, zitauliza na kujibiwa bila bando hata senti moja. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, huweza kuchukuliwa nzima mara moja ikatiwa humo.

Wako watakaosema ni heri tungoje mtandao upate nguvu. Nawajibu kwamba mtandao, hata ukiwa na nguvu, hauwezi kutupa kile ambacho hakuna aliyekiandika. Tarehe ya masultani wa Kilwa iliandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, na leo nakala yake imo British Library, London. João de Barros naye alichapisha habari hizo kwa Kireno huko Lisbon mwaka 1552. Walioandika na kutunza ndio tunaowauliza sasa habari za kwetu. Je, habari za Vita vya Maji Maji, vilivyoanza Umatumbi mwaka 1905, jinsi zinavyosimuliwa na wazee wetu, nazo tutazifuata ng'ambo? Hapana budi tuziandike, pamoja na magazeti yetu ya zamani, tuzitie katika mtambo wetu.

Hapo pana kazi ambayo mgeni hatatufanyia. Elasticsearch ina kanuni za lugha nyingi, lakini haina za Kiswahili. Katika Kiingereza neno hubadilika zaidi mwishoni. Letu hubadilika mwanzoni. Ukiuliza "kisima" hutaletewa "visima", na aulizaye "mvuvi" atawakosa "wavuvi". Dawa yake ni kuupa mtambo orodha ya maneno yanayokwenda pamoja. Kidato kizima kikigawana ngeli, orodha ya kwanza itamalizika katika muhula mmoja, na sarufi tutakuwa tumeijua barabara.

Basi namwomba Mwalimu Mkuu atutengee kompyuta moja yenye kumbukumbu ya kutosha, gigabaiti 8 hivi, na betri ya kuilinda umeme ukatikapo. Wazazi nawaomba watukubalie tuje kuwasikiliza wazee, na wenye karatasi za zamani watuazime tuzinakili. Sisi wanafunzi tutoe jasho letu. Mwenye rai bora kuliko hii na aandike, tumsome katika toleo lijalo.

Mwanafunzi, Kidato cha Tano